Sanduku la Maji: Suti kavu aliyoachiwa kaka, naweza kuijaribu Katonga?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu baridi, ingawa wengi wenu mnaishi kando ya Ziwa Tanganyika lenye maji vuguvugu mwaka mzima. Vijana wa Kigoma, mwisho wa reli, siku hizi wanasafiri, na wanasafiri na kazi yao. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa uhai wa mtu.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Katonga, kazi yangu ni kuzamia na kukamata samaki wa mapambo wanaouzwa nje. Nimepata nafasi ya kwenda Norway, karibu na Bergen, kujifunza uzamiaji kwenye vizimba vya samoni. Kaka yangu ana suti kavu aliyoachiwa na mtafiti mmoja alipomaliza kazi hapa ziwani. Imekaa stoo miaka. Nataka kuijaribu hapa Katonga ili nisifike huko mgeni kabisa. Kaka anasema ni nguo tu, anayejua kuzamia ameshajua. Nikague nini?" (Mzamiaji, Katonga)

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Kaka yako nampinga hapohapo. Suti kavu ni mfuko wa hewa uliouingia mwili mzima, na hewa hiyo hubanwa unaposhuka, hutanuka unapopanda. Wewe umezoea kuongoza hewa ya jaketi la kuelea peke yake. Ukivaa suti kavu unakuwa na hewa ya sehemu mbili, na hii ya pili haitulii. Ukisimama inakaa mabegani, ukiinamisha kichwa inakimbilia miguuni.

Ziwa letu hata ukishuka kilindini halipungui nyuzi 23, ndiyo maana suti ya neopreni, ule mpira laini wa povu, ya milimita 3 inakutosha. Pwani ya Bergen wakati wa baridi maji hufika nyuzi 5 hivi. Maji hupokonya mwili joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa, kwa hiyo nyuzi 5 za maji si sawa na nyuzi 5 za kutembea barabarani. Suti uliyoizoea huingiza maji, na neopreni yake hubanwa na kina ikawa nyembamba palepale unapoihitaji. Suti kavu huzuia maji shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na joto lako hutunzwa na hewa pamoja na nguo za ndani. Suti nyingi hushonwa kwa kitambaa chembamba cha tabaka tatu ambacho chenyewe hakina joto lolote, kwa hiyo hizo nguo za ndani usizidharau. Fulana ya pamba iache nyumbani, kwani hunywa jasho na haikauki. Pita kwenye mitumba utafute sweta za sufi na nguo za polista zenye manyoya laini ndani, zile watu wanazopita bila kuzitazama kwa sababu Kigoma hazivaliki.

Sasa ukaguzi. Ufanye nchi kavu, mchana, suti imetandazwa mkekani kivulini.

Anza na mpira wa shingoni na wa mikononi. Kama ni lateksi, yaani mpira wa asili, na imekaa stoo chini ya bati miaka, sina matumaini nayo. Joto, jua, mafuta na hewa chafu ya injini huila lateksi polepole. Ivute taratibu kwa viganja, si kwa kucha, uielekeze kwenye mwanga. Utaona kama kuna mistari myembamba ya ufa, hasa pembeni na pale inapoungana na kitambaa. Kisha bonyeza kidole gumba juu yake uhesabu hadi tano. Ukiinua kidole na mpira ukafuatana nacho kama gundi, au alama ya kidole ikabaki, mpira umeoza. Usiuzibe kwa solusheni ya baiskeli. Unabadilishwa wote, na wenye kazi hiyo utawapata huko unakokwenda.

Mpira wa shingo unaobana mno ni hatari kuliko unaovuja. Unaovuja utakulowesha ukatoka majini. Unaobana hugandamiza mishipa mikubwa ya shingoni, moyo ukapunguza mapigo, mtu akasikia kizunguzungu na hata kuzimia. Ukiuvaa ukae nao dakika kadhaa umekaa kitini, kaka yako akiwa karibu. Uso ukijaa, macho yakiingia giza, vua mara moja. Na ikiwa mtafiti yule alikuwa na shingo nyembamba kuliko yako, suti hiyo si yako.

Zipu ndiyo ghali kuliko vyote kubadilisha, kwa hiyo iheshimu. Ifungue yote, pitisha macho jino kwa jino, tazama na kitambaa cha pembeni kama kimechanika nyuzi. Ivute kwa mstari ulionyooka, mkono mmoja ukishika mwanzo wake. Ikikwama usiilazimishe, rudisha nyuma utafute kilichonaswa. Mara nyingi ni uzi wa nguo ya ndani.

Halafu valvu mbili. Ya kifuani ni ya kujazia, hupokea hewa ya mtungi kupitia mpira mwembamba. Ya begani au juu ya mkono wa kushoto ni ya kutolea. Ya kujazia ibonyeze ukiwa umeunganisha mpira na mtungi: hewa iingie, na ukiachia kitufe kirudi chenyewe palepale. Kikirudi kwa uvivu, suti hiyo isiguse maji. Chumvi iliyokauka au mchanga unaweza kukigandisha kikiwa wazi, na hapo suti itajaa bila idhini yako. Uunganishe mpira na kuuchomoa mara kadhaa, uhakikishe unatoka kwa mkono mmoja. Angalia pia kama kichwa cha mpira ni cha suti hiyo, kwa maana vichwa vya jaketi na vya suti huenda visioane hata kama vinafanana machoni. Ya kutolea izungushe pande zote mbili, ifunge, ifungue, isikwame. Manyoya ya nguo za ndani hupenda kujibanza ndani yake, ikabaki wazi kidogo na kuruhusu maji.

Kujua kama inavuja, huhitaji maabara. Chukua chupa mbili za soda uziingize kwenye mipira ya mikono, na kopo la ukubwa wa shingo uliingize shingoni. Funga zipu, funga valvu ya kutolea, jaza hewa hadi suti isimame kama mtu aliyevimba, bila kuikaza. Paka maji ya sabuni kwa sponji, upite mishono yote, magotini, chini ya zipu, kuzunguka valvu. Panapotoa mapovu tia alama ya chaki. Iache saa moja urudi uione kama imenywea.

Tuseme imepita yote hayo. Kuzamia nayo Katonga, hapana. Kuingia nayo majini hadi kifuani, na watu wawili wanaojua kuogelea wakiwa ubavuni mwako, ndiyo. Kabla ya kuingia chuchumaa huku umeweka kidole ndani ya mpira wa shingo ili hewa iliyozidi itoke, kisha uutengeneze mpira ulale bapa kwenye ngozi, pasiwe na unywele wala pindo la nguo chini yake. Majini utahisi suti inakukumbatia kuanzia miguuni. Huo ndio mgandamizo, na chini zaidi, usipoongeza hewa, hubana ngozi hadi ikaacha michubuko. Jaribu kubonyeza na kutoa. Inua kiwiko cha kushoto kiwe juu kuliko sehemu nyingine zote za suti, usikie hewa inavyotoka. Zoezi hilo litakusaidia huko. Zaidi ya hapo subiri.

Nasema subiri kwa sababu hii. Hewa iliyomo kwenye suti ukiwa mita 10 chini ya bahari huongezeka mara mbili ukifika juu. Ukianza kupanda bila kuitoa, inatanuka, inakupandisha kwa kasi, inatanuka tena. Sasa fikiria kichwa kimeinama, hewa yote imekimbilia miguuni. Valvu ya kutolea iko begani, chini ya hewa, haiwezi kuitoa. Mguu unajaa, pezi linaweza kuchomoka, na unapaa miguu mbele. Dawa yake ni kujikunja magoti kifuani, kupiga mateke kwa nguvu na kubiringika hadi kichwa kirudi juu, kisha kufungua valvu. Hilo halijifunzwi kwa kusoma gazeti. Linafundishwa na mwalimu aliyekushika, kwenye maji yenye sakafu karibu, na pwani zetu za miamba huporomoka haraka kwenda kilindini. Na kwa kukujali nakuomba usiruhusu mtu yeyote pale ufukweni akutie moyo wa kujaribu.

Jambo jingine la hapa kwetu ni joto. Mtu aliyevaa suti kavu na sufi juani Kigoma anaweza kuzidiwa na joto kabla hajagusa maji. Kwa jaribio hilo vaa nguo moja nyepesi ndani, jifungie zipu kivulini, uingie majini mara moja.

Ukifika Norway mambo matatu yatakushangaza. La kwanza ni uzito wa risasi ya mkanda wa kujizamishia. Bahari ni nzito kuliko maji ya Tanganyika kwa asilimia mbili na nusu hivi, na nguo za ndani zimejaa hewa, kwa hiyo mkanda uliouzoea hautakuzamisha. Usikisie. Pima juu ya maji kila unapobadilisha nguo za ndani, ukikumbuka kwamba mtungi unakuwa mwepesi unapokaribia kuisha. La pili ni glavu. Mimi nilifundishwa baridi kulekule, na mwalimu wangu alinifungisha macho nchi kavu, glavu nene mkononi, akaniambia niuchomoe mpira wa suti, nizungushe valvu ya kutolea, nifungue kifungo cha mkanda. Niliporidhika kuwa nimeweza, alinirudishia mwanzo. Leo namshukuru, maana kitufe kikiganda wazi unachohitaji ni vidole vinavyokumbuka: chomoa mpira, fungua valvu, inua kiwiko. La tatu, mikanda ya jaketi. Ikishavaliwa juu ya suti inaweza kufunika valvu ya kujazia au kubana ya begani. Wewe na mwenzako mkaguane kabla ya kila kuzama, kila mmoja amguse mwenzake valvu zake na kutaja inavyofanya kazi, kwa kuwa suti ya mwenzako huenda ina vitufe mahali tofauti.

Wazamiaji wengine huacha kunywa maji kwa kuogopa haja ndogo ndani ya suti, maana baridi na maji huifanya iende mbio. Usifanye hivyo. Mwili uliopungukiwa maji na wenye baridi hutoa vibaya naitrojeni ya hewa uliyopumua chini, ukajiweka karibu na ugonjwa wa mgandamizo, yaani gesi hiyo kufanya mapovu mwilini. Kuna valvu maalumu za kutolea mkojo, na kuna wanaovaa nepi za watu wazima. Wote hao ni wazamiaji kamili.

"Nimezaliwa Kibirizi, sasa niko Göteborg, Sweden. Majira ya baridi nilizamia kwenye ziwa la huku. Nilipofika mita kama kumi regyuleta ilianza kumwaga hewa bila kukoma. Nilipanda salama, ila mtungi uliisha nikiwa juu. Fundi ameikagua anasema nzima. Ni nini?" (Mwana wa Kibirizi)

Nashukuru uko salama kuandika. Fundi wako huenda anasema kweli. Hewa ya mtungi ina shinikizo la bar 200 au zaidi, na hatua ya kwanza ya regyuleta, kifaa unachopumulia, huishusha hadi bar 10 hivi juu ya shinikizo la maji. Hewa inapotanuka ghafla hivyo hupoa mno. Katika maji ya nyuzi 4 chuma hakina pa kupata joto, barafu inajijenga, valvu ndogo inakwama wazi, na hewa inamwagika. Inavyomwagika ndivyo inavyozidi kupoa, kwa hiyo haijifungi yenyewe. Mtungi wa lita 12 unaweza kuisha kwa dakika chache.

Maziwa ya maji baridi ni mabaya kuliko bahari kwa hilo. Maji ya ziwa huganda kwenye sifuri, ya bahari karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa hiyo ziwani barafu hupata nafasi mapema zaidi.

Uliza kwanza kama regyuleta yako imetengenezwa kwa maji ya baridi. Kipimo cha Ulaya, EN 250, huhesabu baridi kuanzia chini ya nyuzi 10, na si kila regyuleta imepita jaribio hilo. Inayofaa mara nyingi huwa imezibwa ili maji yasiingie kwenye springi. Lakini hata hiyo ina masharti, na hapa ndipo wengi huteleza. Usiipumulie nje kwenye hewa ya baridi kabla ya kuzama, unyevu wa pumzi ndio barafu ya baadaye. Usibonyeze kitufe cha kusafishia bila sababu. Usijaze suti na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja: bonyeza kidogo, acha, pumua, bonyeza tena. Na hewa ya mtungi iwe kavu, kwa hiyo muulize mwenye kompresa alibadilisha lini kichujio chake. Swali hilo halina utovu wa adabu.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni regyuleta mbili zilizo huru kwenye mtungi wenye koki mbili. Moja ikimwaga, unahamia ya pili, mwenzako anafunga koki ya ile iliyoharibika, mnapanda pamoja. Na suti yako iunganishe kwenye ile usiyoipumulia kwa kawaida, ili kazi igawanyike. Jizoeze kufunga koki ukiwa na glavu. Bila hivyo vifaa, mwanangu, maji ya nyuzi 4 yaache.

"Mwalimu, salaam. Mwanangu anakwenda kuzamia Ulaya. Marehemu baba yake alipokuwa akivua usiku wa kiangazi, upepo wa kusi ukivuma, alikuwa akijipaka mawese akisema yanazuia baridi. Nimpe chupa aende nayo?" (Mama, Ujiji)

Mama yangu, shikamoo, na pole kwa kufiwa. Mapenzi yako nayaona, lakini chupa hiyo ibaki jikoni. Mafuta yaliyopakwa juu ya ngozi hayazuii baridi ya maji kwa kiasi cha kumsaidia mzamiaji, na mawese yakigusa mpira wa lateksi huulainisha hadi ukapasuka. Ni hivyohivyo kwa mafuta ya mgando. Ili mpira upite kichwani na mikononi hupakwa poda isiyo na manukato au maji ya sabuni laini, basi.

Mfungie sweta ya sufi, soksi mbili nzito na kofia ya kuvaa akitoka majini. Na mwambie kwa mdomo wako, maana atakusikiliza wewe kuliko mimi: akianza kutetemeka, au vidole vikishindwa kushika kitu alichokuwa anakishika vizuri, kuzamia kwa siku hiyo kumekwisha. Asione aibu mbele ya wenzake. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 akili huanza kuchelewa, na mtu huyo hajui kwamba imechelewa.

"Nauza asali na nta hapa Tabora. Mgeni mmoja alinunua kipande cha nta akasema ni cha zipu ya suti ya kuzamia. Alinitania?" (Mfugaji nyuki, Tabora)

Hakukutania. Zipu za shaba hupakwa nta safi ya nyuki kwa nje, juu ya meno yaliyofungwa, baada ya kuoshwa kwa maji baridi na kukauka. Nta inayozidi hufutwa kwa mswaki ili isikusanye mchanga. Iwe imechujwa vizuri, isiyo na asali wala uchafu wa mzinga. Ila muulize mteja zipu yake ni ya aina gani. Za plastiki hazitaki nta, zinatiwa tone la grisi ya silikoni mwishoni pale kivutio kinapojifungia.

"Suti kavu itamkinga mzamiaji na kichocho?" (Muuguzi, Kigoma)

Kwa sehemu zilizofunikwa, ndiyo, kwa kuwa vijidudu vyake hupenya ngozi iliyoguswa na maji. Uso na mikono hubaki wazi isipovaliwa glavu kavu, na mtu hulowa pia anapovua vifaa kwenye majani ya ufukweni, ambako konokono wake hukaa. Aliyekuwa ziwani apimwe na kupewa prazikwanteli kama kawaida yenu.

"Nikizamia asubuhi, naweza kupanda ndege ya mchana kwenda Dar?" (Mtumishi, Mwanga, Kigoma)

Hapana, kwa sababu ya ugonjwa uleule wa mgandamizo. Baada ya kuzama mara moja bila vituo vya kupunguza mgandamizo njiani ukipanda ngoja angalau saa 12, na ukizama mara kadhaa au siku mfululizo, angalau 18. Kumbuka kwamba Tanganyika yenyewe iko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida ya kuzamia yameandikwa kwa usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 yanahitaji kurekebishwa, kwa hiyo hakikisha kompyuta yako ya kuzamia ya mkononi imejua uko wapi kabla hujazama. Basi la Kasulu nalo linapanda milima. Ukitoka majini asubuhi, safari hiyo isogeze hadi kesho yake.